Mtoto mchanga asiyejikuna anaweza kuwa anawashwa

Wazazi wengi wa watoto wenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu, husema: "Hajikuni, kwa hiyo hawashwi." Sivyo. Kujikuna kunahitaji mkono unaotii, na mtoto wa miezi miwili au mitatu bado hana uwezo wa kuupeleka mkono pale panapowasha. Muwasho anao, ila hana namna ya kuufikia.

Basi hutumia mwili mzima. Mlaze umtazame: anageuza kichwa huku na huku, shavu likisuguana na shuka. Ukimbeba, anafikicha uso begani kwako, na wengi hudhani ni usingizi tu. Miguu nayo husuguana, kisigino juu ya kifundo. Wengine hujinyonganyonga mara tu wanapovuliwa nguo. Usiku ndio mbaya zaidi, maana muwasho huzidi, na mtoto hushtuka kila mara akilia hata kama ameshiba.

Angalia pia ngozi yenyewe, hasa mashavuni na kichwani. Usisubiri wekundu: kwenye ngozi nyeusi, sehemu yenye ukurutu huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, na mara nyingi vidole vyako huhisi ukavu na ukwaruzo kabla macho hayajaona kitu.

Mpake mafuta mazito yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, na kucha ziwe fupi. Ngozi ikitoa majimaji au magamba ya manjano, au akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.