Mionzi ya titi baada ya upasuaji: wiki tano, tatu au moja?

Mama aliyetolewa uvimbe wa saratani, titi lake likabaki, huniuliza: "Daktari, kama uvimbe umeshatoka, mionzi ya nini tena?" Ana haki ya kuuliza. Kisu huondoa kinachoonekana na nyama kidogo ya pembeni, lakini chembe ambazo hakuna kipimo kinachoziona huweza kubaki. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa ndani ya miaka 10 saratani iliwarudia wanawake 35 katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji huo bila mionzi. Kwa waliopata mionzi, walikuwa 19.

Wengi hushindwa na idadi ya siku kuliko mionzi yenyewe. Kwa miaka mingi dozi ilikuwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo ni daladala ya kila asubuhi. Kwa mama wa Kigoma au Sumbawanga ni kutafuta pa kulala mjini, kuacha shamba na watoto, na kuishi kwa pesa ya kukopa. Kuna wanaokatisha tiba katikati, na kuna wanaoomba titi liondolewe lote ili wasiianze safari hiyo. Hilo huniuma, kwa sababu muda huo sasa unaweza kufupishwa.

Watafiti wa Kanada na Uingereza walilinganisha wiki 5 na takriban wiki 3, wakawafuatilia wagonjwa kwa miaka 10. Saratani haikurudi zaidi kwa waliotibiwa muda mfupi. Kisha Uingereza ikaenda mbali zaidi: utafiti wa FAST-Forward, wenye wagonjwa zaidi ya 4,000 katika hospitali 97, ulilinganisha grei 40 kwa siku 15 na grei 26 kwa siku 5 tu. Matokeo ya miaka 5, yaliyotoka 2020, yalionyesha saratani kurudi upande uleule kwa takriban wagonjwa 2 katika kila 100 wa wiki 3, na kwa wale wa wiki moja hawakuzidi hapo.

Msidhani grei 26 ni nusu dozi. Kila siku mgonjwa hupata zaidi ya grei 5 badala ya 2, na saratani ya titi huumizwa sana na dozi kubwa ya mara moja. Nyama ya titi isiyo na saratani nayo huumizwa vivyo hivyo, ndiyo maana jumla hupunguzwa. Kundi jingine la utafiti huohuo lilipewa grei 27 kwa siku 5, na madhara ya baadaye, kama titi kukakamaa, yakaongezeka. Grei moja tu! Kwa hiyo mashine lazima ipimwe kwa makini, na mgonjwa alale vilevile kila siku.

Si kila mtu anafaa wiki moja. Tezi za kwapani zikihitaji mionzi, mara nyingi tunachagua wiki 3. Wengine, hasa wenye umri mdogo, huongezewa dozi pale uvimbe ulipokuwa. Mjamzito hapewi. Pia tenga siku za kupigwa picha ya CT na kuchorwa alama kabla ya kuanza.

Watu husema "kuchomwa mionzi", na neno hilo hutisha. Mashine haigusi mwili na haiumi. Ngozi huweza kuwa nyeusi, kuwasha au kubanduka, na uchovu huja, wakati mwingine baada ya siku ya mwisho. Nywele za kichwani hazidondoki kwa mionzi ya titi. Ukitoka hapo mbebe mwanao, kwani hakuna mionzi inayobaki mwilini.

Uliza kabla ya upasuaji, si baada yake: mionzi inapatikana wapi, nitafaa siku ngapi, nianze lini? Daktari wa upasuaji asiye na uhakika wa mionzi mara nyingi hulazimika kuondoa titi lote.