Kupimwa kingamwili na kupimwa kwa kingamwili

Juzi kijana mmoja alikuja dirishani pa maabara yetu hapa Mombasa, akasubiri mpaka watu wapungue, kisha akaninong'oneza: "Dada, kwani mama kapimwa ukimwi bila kuambiwa?" Mamake alikatwa kinyama kwenye titi, na huko alikotibiwa ameambiwa kitafanyiwa "kipimo cha kingamwili". Neno hilo, jina la protini ambazo mwili hutengeneza kupigana na maradhi, kijana alilijua kutoka kwenye kile kipimo cha ukimwi cha kutoboa kidole. Usiku kucha hakulala. Si wa kwanza kunijia na hofu hiyo, na kila mara naumia, kwa sababu imezaliwa na maneno yetu wenyewe.

Kipimo chenyewe ni hivi. Kinyama, au seli zilizovutwa kwa sindano, huhifadhiwa kwa formalini, huzamishwa katika nta, hukatwa vipande vya unene wa mikroni tatu au nne, hubandikwa kwenye kioo. Kisha hudondoshewa kingamwili inayoshika protini moja maalumu. Protini ikiwapo, kingamwili hunata. Isipokuwapo, huoshwa ikaenda zake. Daktari wa patholojia hutazama kwa hadubini ni wapi imenata.

Sasa neno. Tumeunganisha kinga na mwili, basi kila alisikiaye huufikiria mwili wake na nguvu zake za kupigana na maradhi. Mwanasayansi Paul Ehrlich alipoliandika neno hilo kwa Kijerumani, Antikörper, mwaka 1891, hiyo Körper ni mwili kweli, lakini kwa wanakemia ilikuwa pia kitu chochote kile, hata kisichoonekana kwa macho. Sisi tukabaki na mwili wa binadamu.

Mimi hushika upande wa kinga. Masika yakianza, maji yakiporomoka kwenye mabati, nyanya yetu alikuwa akipaza sauti: "Kingeni maji!" Hakuna aliyedhani anatutuma tukaizuie mvua. Tulikimbia na ndoo, sufuria, hata beseni la kufulia, tukatega chini ya paa. Kukinga ni kuzuia, na kukinga ni kudaka. Kwenye kioo cha maabara kingamwili hudaka, ila ndoo hii huchagua tone lake na kuyaacha mengine yote yapite.

Wala kingamwili hiyo haikutoka kwa mgonjwa. Imetoka kwa panya au sungura, imekuja kwenye kichupa kidogo kama cha uturi, na hukaa kwenye friji yetu. Kwa nyingi kati ya hizo tunawashukuru wanasayansi Georges Köhler na César Milstein, ambao mwaka 1975 kule Cambridge walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, bila mchanganyiko.

Haina rangi pia. Rangi huletwa na kimeng'enya kinachofungwa juu yake baadaye, ambacho hugeuza kemikali nyingine kuwa kahawia. Napenda sana dakika hizo: kioo kilichokuwa cheupe huanza kuiva polepole, kama hina mkononi. Baada ya hapo tunatia rangi iitwayo himatoksilini, viini vya seli nyingine vinakuwa buluu, na kahawia inajitenga wazi.

Katika kile kipimo cha kidole, kinachosakwa ni kingamwili ambazo mwili wa mtu umezitengeneza mwenyewe. Kwetu, kingamwili ndiyo msakaji. Kinachosakwa ni protini ya seli, mathalani kipokezi cha homoni ya istrojeni, ili daktari ajue kama dawa za kuzuia homoni hiyo zitafaa. Kwa hiyo jibu likija "hasi", maana yake ni kwamba seli za uvimbe hazina kipokezi hicho. Halisemi kwamba mama hana kinga, na juu ya ukimwi halisemi lolote.

Haya yote sikumwambia kijana pale dirishani. Alikuwa na simu ya kupiga nyumbani. Nilimwambia: "Mdogo wangu, mama hapimwi kingamwili. Kinyama chake ndicho kinachopimwa, kwa kingamwili. Ukiwaeleza nyumbani, hiyo 'kwa' usiiache."