Kiangazi hakuna wingu, mbona juu ya Loleza huoni mbali?

Septemba iliyopita nilimpandisha Loleza, mlima ulio juu ya jiji la Mbeya, mgeni wangu kutoka Dar es Salaam. Mbinguni hakukuwa na hata kipande cha wingu, na tangu tulipotoka Mwanjelwa alfajiri alikuwa ananisimulia picha atakazopiga. Tukafika juu tunahema. Akageukia upande wa kusini, akauliza, "Haya kaka, Rungwe uko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Hakuuona. Hata mimi sikuuona. Nilionyesha kwa kukumbuka tu.

Rungwe si kilima cha kupotea. Una mita 2,960 hivi kwenda juu, na kutoka Loleza ni mwendo wa ndege wa kilomita kama 40. Mei ya mwaka huohuo, siku mbili baada ya mvua, nilikuwa nimesimama palepale nikahesabu hadi mikunjo ya ubavu wake. Lakini watu wa hapa Mbeya tumezoea kuwaambia wageni, "Njooni kiangazi, mvua haipo." Ni kweli kwamba njia haitelezi. Kwa mtu anayepanda ili aone mbali, ushauri huo umekaa kichwa chini miguu juu.

Tuanze na umbali ambao jicho lingeweza kufika kama hewa isingekuwa na kizuizi. Dunia ni mviringo, hivyo kadiri unavyopanda ndivyo upeo wa macho unavyosogea mbali. Ukitaka kuukadiria, chukua kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita, uzidishe kwa 3.57, upate kilomita. Ukisimama mita 1,000 juu ya uwanda wa Usangu, utapata kilomita 113 hivi. Loleza wenyewe una mita 2,656, yaani karibu mita 1,600 juu ya uwanda huo, na hesabu inakupeleka zaidi ya kilomita 140. Huo ni uwezo wa kimo peke yake. Mwezi wa tisa unaona robo ya hapo, na siku nyingine hata robo ni kujipendelea.

Kinachokula hizo kilomita nyingine ni chembe zilizoelea hewani, nyingi zikiwa za moshi na vumbi.

Aliyewahi kukaa kiti cha mbele kwenye basi la kwenda Chunya enzi za barabara ya vumbi ataelewa upesi. Kioo kimejaa vumbi jembamba. Jua likiwa nyuma yenu, barabara inaonekana vizuri na vumbi unalisahau. Basi likikata kona, jua likawa mbele, kioo chote kinawaka na dereva anaanza kutafuta barabara kwa kubahatisha. Vumbi halikuongezeka, isipokuwa sasa kila chembe inaudaka mwanga wa jua na kukumwagia machoni. Hewa iliyo kati yako na Rungwe ni kioo kama hicho, chenye unene wa kilomita 40. Mlima haujafunikwa na kitu. Mwanga unaotoka kwake umezidiwa na mwanga uliotawanywa na chembe zilizo njiani, na tofauti kati ya mlima na anga inapopungua mno, jicho linakata tamaa na kuona weupe mtupu.

Hewa safi nayo hutawanya mwanga, ila kwa kuchagua. Molekuli zake ni ndogo mno na hutawanya zaidi rangi ya buluu. Ndiyo maana safu za mbali za Uporoto huonekana za buluu, na kadiri safu inavyokuwa mbali ndivyo buluu inavyopauka. Chembe za moshi na vumbi ni kubwa zaidi kuliko molekuli hizo, hazichagui sana rangi, na huacha weupe au ukaki. Mimi siku hizi nikifika juu naangalia kwanza rangi ya mwisho wa macho. Ikiwa buluu, natoa kamera. Ikiwa kaki, natoa chapati.

Kwa nini chembe hizo zijae kiangazi? Kuna mambo matatu yanayokutana. Nyasi zimekauka, na kuanzia mwezi wa saba na wa nane moto unaonekana kila upande: wengine wanasafisha mashamba, wengine wanachoma malisho ili majani mapya yachipue, na mwingine moto umemtoka tu mkononi. Pili, ardhi ya Usangu, yenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa na njia za ng'ombe, imekauka, na upepo wa kusi unaifagia mchana kutwa. La tatu ndilo watu hawaliwazi: hakuna wa kuisafisha hewa. Tone la mvua likishuka hukumba chembe nyingi njiani na kuziangusha nazo chini. Mvua moja nzuri ya alasiri hufanya kazi ambayo kiangazi kizima hakiifanyi, na ikiisha ardhi inakuwa na maji, vumbi haliruki, na nyasi mbichi haziwaki. Moshi wa Agosti hauna pa kwenda, hasa kwa kuwa msimu huo hewa ya tabaka za juu hushuka polepole na kukaa kama mfuniko wa sufuria.

Kuna mfuniko mwingine mdogo zaidi, nao ndio ninaoupenda. Mwezi wa sita na wa saba, kipupwe kikiwa kimekaza hadi Kitulo wanapata jalidi, jiji la Mbeya huwa bakuli kati ya Loleza na Uporoto. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto upesi. Hewa iliyogusana nayo hupoa, huwa nzito, na huteremka mabondeni kama maji. Kwa kawaida ukipanda mlima unakutana na baridi zaidi, lakini alfajiri hiyo mambo yamegeuka: baridi iko chini, na ukipanda kidogo unakuta hewa yenye uvuguvugu. Hewa nzito haiwezi kupanda kupita ile nyepesi iliyo juu yake, hivyo moshi wa majiko ya mkaa na kuni unabaki palepale chini, umelala bapa kana kwamba mtu ameusawazisha kwa kiganja.

Ukiwa juu saa moja asubuhi, jiji hulioni kabisa lakini vilele vya mbali vimesimama wazi juu ya utando. Subiri hadi saa nne au saa tano. Jua limepasha ardhi, hewa ya chini imepata nguvu ya kupanda, mfuniko umepasuka. Mabati ya Mwanjelwa yanaanza kung'aa, na Rungwe nao unaanza kufifia, maana ule moshi sasa umekufuata juu. Vyote viwili kwa pamoja, jiji na vilele, vinataka ule mwisho wa masika: Mei, au asubuhi inayofuata mvua kubwa, kabla mawingu mapya hayajajikusanya.

Halafu kuna Ngozi, inayoniharibia hoja. Kule unapita kwenye msitu mzito, mianzi na migomba mwitu, hadi ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkano, na unachokwenda kuangalia ni ziwa lililo chini ya miguu yako, si kilele cha kilomita 40. Kwa umbali mfupi hivyo, moshi na vumbi havina la kufanya. Adui wa Ngozi ni ukungu. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa inapanda miteremko ya Rungwe na Uporoto, inapoa, mvuke unageuka matone, na kasoko linajaa weupe kama kikombe cha maziwa. Masika hali hiyo ni karibu ya kila siku, na njia yenyewe ni utelezi wa kupandia kwa mikono. Kwa hiyo Ngozi nenda kiangazi, na uwe ukingoni mapema, kwa sababu hata siku nzuri mawingu hupenda kuja baada ya saa sita. Gangilonga kule Iringa nenda mwezi wowote. Kutoka juu ya jiwe lile unaangalia mji ulio karibu tu, na labda vilima vinavyouzunguka.

Tukirudi Loleza, kipimo changu hakihitaji chombo. Naangalia kusini-mashariki na kuhesabu migongo ya milima, mmoja nyuma ya mwingine, hadi ule wa mwisho usiotofautika na anga. Mei ile nilifika saba. Siku ya mgeni wangu tulihesabu miwili, na wa pili tulibishana.