Kilomita 370, saa moja na ushei: muda wa ndege London–Amsterdam

Piga mstari kwenye ramani kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi Schiphol, Amsterdam. Ni kama kilomita 370. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani hukata kilomita 800 hivi kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani safari hii haifiki hata nusu saa. Tiketi lakini imeandikwa saa moja na dakika ishirini hivi. Hakuna aliyekosea. Umbali na muda vinapimwa kwa kanuni mbili tofauti.

Umbali ni mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja hadi uwanja. Rubani haufuati huo mstari barabara. Hupita njia anazopangiwa na waongoza ndege.

Muda ndio unaopotosha wengi. Hauhesabiwi tangu ndege inapopaa. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Humo ndani mna foleni ya Heathrow, uwanja wenye njia mbili tu za kurukia. Mna kupanda na kushuka, maana chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida haupiti kilomita 460 kwa saa, na katika safari fupi namna hii ndege haikai sana juu kabla ya kuanza kuteremka. Kisha kuna Polderbaan, njia ya Schiphol iliyofunguliwa mwaka 2003. Iko mbali na jengo la abiria kiasi kwamba ukishatua unaweza kutambaa ardhini robo saa nzima, ndege ikipita darajani huku magari yanakimbia chini yake. Wakati wa kurudi, mara nyingi ndege huzungushwa angani mashariki mwa London ikisubiri zamu ya kutua.

Halafu kuna saa ya ukutani. Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja, kiangazi na kipupwe, na tiketi huandika saa za kila mji. Ukiondoka London saa 2:00 asubuhi (tiketi itasema 08:00), unafika saa 4:20. Ukiondoka Amsterdam saa 6:00 mchana, unafika London saa 6:20, kana kwamba umesafiri dakika ishirini. Anayeunganisha ndege Schiphol kwenda Kilimanjaro au Dar es Salaam asitegemee saa ya mkononi iliyobaki na majira ya London. Saa moja hiyo inatosha kabisa kumwachisha ndege.

Kanuni hizi zina uzito hata kwenye fedha. Sheria ya fidia ya Umoja wa Ulaya hupima umbali kwa mstari ule mfupi: safari isiyozidi kilomita 1,500 fidia yake ni euro 250, ikiwa umefika umechelewa saa tatu au zaidi na kosa si la hali isiyozuilika. Na kufika ni lini? Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya ndege iliyogusa ardhi ikiwa imechelewa saa mbili na dakika 58, na milango ikafunguliwa baada ya saa tatu kupita. Mahakama ikasema ndege imefika pale mlango wake mmoja angalau unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kushuka.