Bahari Si Ziwa: Tazameni Mwezi Kabla ya Kulipia Hoteli

"Dada, bahari imekwenda wapi?"

Simu hiyo ilinifikia saa nne asubuhi, ofisini kwangu hapa Kisumu, kutoka kwa maharusi wa Kakamega niliowapangia safari ya Unguja. Walikuwa barazani mwa hoteli yao kule Jambiani, siku ya kwanza ya fungate. Picha waliyonitumia ilionyesha mchanga mweupe, kisha mchanga wa kijivu wenye madimbwi, kisha ngalawa tatu zimelala ubavu, kisha wanawake wameinama kwenye vijiti vya mwani, na mbali kabisa mstari mwembamba wa mawimbi yakivunjikia mwambani. Bwana harusi alisema nimemuuzia matope. Mkewe alikuwa akiuliza kwa nyuma kama kumetokea tsunami.

Maji yalikuwa yamekupwa, yaani yameshuka na kurudi nyuma, basi. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, na hata mtoto wa chekechea pale Jambiani angewaambia kwamba kufikia saa kumi na moja jioni maji yatakuwa yanagonga ngazi za hoteli. Wao hawakujua, kwa sababu nilipotaka kuwaeleza walinikatiza kwa maneno ambayo nimeyasikia hadi yamenichosha: "Bahari ni bahari, dada. Wewe tutafutie tu hoteli ya ufuoni."

Nimekaa katika kazi hii miaka 14, na hakuna dhana iliyoniharibia likizo za wateja kuliko hii. Pasipoti iliyoisha muda huonekana mapema, na tunaishughulikia. Mtu anayeamini kwamba bahari inakaa mlangoni mchana kutwa hugundua kosa lake akiwa ameshalipa, ameshafika, na siku zake tano zimeanza kuhesabika.

Naelewa dhana hiyo inatoka wapi. Sisi tumekulia kando ya maji yasiyotembea. Nenda Dunga alfajiri, urudi jioni: mtumbwi uliofungwa kando uko palepale, juu ya maji yaleyale. Ziwa likipanda hupanda kwa miezi, kama mwaka 2020 lilipoingia majumbani mwa watu, na ndugu zetu wa Nakuru waliona ziwa lao likimeza hadi lango kuu la mbuga. Hayo ni mambo ya mvua na mito. Mwezi nao unalivuta Ziwa Victoria, ila kwa ukubwa wake wote ziwa hilo bado ni dogo mno, na kinachopanda ni kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Bahari Hindi inavutwa ikavutika. Hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kukupwa ni kama saa sita. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa hivyo.

Sasa kuna maji kukupwa, na kuna maji kukupwa kweli. Watu wa pwani wana maneno mawili ambayo kila mtu anayepanga safari ya kisiwani angepaswa kuyajua kabla hajajua bei ya chumba: bamvua na maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwa mstari mmoja. Wakati huo, Unguja, tofauti ya maji yakijaa na yakikupwa hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari inapanda kidogo, inashuka kidogo, na tofauti hiyo haifiki hata nusu ya ile ya bamvua. Ufuo mmoja, chumba kimoja, bei moja, lakini aliyefika wiki hii na atakayefika wiki ijayo watasimulia bahari mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawaliamini mpaka wajionee. Katika pwani yetu, kuanzia Unguja hadi Mombasa, saa za bamvua hazibadilikibadiliki sana. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake: hujaa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo anayetaka kuamka, anywe chai, kisha aingie baharini na watoto kabla jua halijawa kali, na afike wiki ya maji mafu. Anayependa kuoga jioni, au anayetaka kuona bahari ikiwa wazi na mwani ukivunwa, bamvua itamfaa. Huhitaji utaalamu. Kalenda yoyote yenye alama za mwezi inakutosha kuanzia, na majedwali ya maji ya Zanzibar na ya Kilindini yako kwenye intaneti bila malipo.

Wateja wangu Waislamu huwa wananielewa upesi, kwa kuwa tarehe zao tayari zinafuata mwezi. Ukienda kupumzika Idd-ul-Fitr, mwezi ndio kwanza umeandama, hivyo utakutana na bamvua kila mwaka. Idd-ul-Hajj huangukia tarehe 10 ya mwezi, karibu kabisa na maji mafu. Nao maharusi, nawaomba wakumbuke kwamba fungate asili yake ni siku saba. Ukikaa siku saba kamili utaziona bahari zote mbili. Ukikaa tatu, kama wengi mnavyofanya siku hizi, lazima uchague.

Ufuo wenyewe pia una neno. Mashariki mwa Unguja, yaani Jambiani, Paje, Bwejuu, Kiwengwa, Matemwe, kuna uwanda mpana wa maji mafupi kati ya mchanga na mwamba. Bahari ikishuka mita 3 tu, uwanda huo hubaki mkavu kwa mamia ya mita, na mahali pengine ni kilomita nzima. Ndiyo maana mwani unalimwa huko, na ndiyo maana wanawake wale katika picha walikuwa kazini saa ileile maharusi wangu wanalia. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufuo unazama upesi, hivyo maji yakishuka yanabaki karibu na mtu anaoga karibu saa yoyote. Diani kwetu ni kama mashariki ya Unguja, kwa kiasi chake: maji yakikupwa unatembea kuelekea mwambani. Na mwenye uwezo wa kwenda mbali zaidi ajue kwamba Mauritius tofauti hiyo haifiki hata mita 1. Picha nzuri za hoteli zote, za huku na za huko, hupigwa maji yakiwa yamejaa. Sijawahi kuona hoteli ikitangaza picha ya saa nne asubuhi ya bamvua.

Wengine huniambia kwamba haya ni mambo madogo ya starehe. Si ya starehe tu. Mwalimu mmoja wa Bungoma, mteja wangu wa miaka mingi, alitoka na wanawe wawili maji yakiwa yamekupwa, wakatembea hadi mwambani kuokota makombe. Walikaa. Hakuna wimbi kubwa lililowajia, na hilo ndilo linalowadanganya watu wa ziwani, kwa kuwa tunangoja kuona maji yakitoka mbele. Maji ya kujaa hupitia kwanza kwenye mifereji, na mifereji ilikuwa nyuma yao, kati yao na ufuo. Walipogeuka, palipokuwa na mchanga mkavu palikuwa na maji ya kifua cha mtoto, nayo yanakwenda. Mvuvi ndiye aliyewatoa, mmoja mmoja, kwa ngalawa yake. Mwalimu huyo ni mwogeleaji hodari, amevuka ghuba mara nyingi pale Usenge. Ziwani hakuna mkondo wa maji kukupwa unaotoka kwenye mlango wa mwamba na kukupeleka nje. Kwa hiyo ushauri wangu hauna masharti: ukitembea kwenda mwambani, ondoka maji yangali yanashuka, jua saa yatakapogeuka, na saa hiyo ikifika uwe tayari umeanza kurudi. Ukiwakuta wavuvi wanafungua ngalawa zao, umeshachelewa.

Na vaa viatu. Raba kuukuu zinatosha. Kwenye madimbwi ya mwambani kuna yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni likizo inaishia kitandani.

Mengine nitayapitia haraka, maana nayo nayasikia kila wiki.

"Ni Afrika Mashariki, kitambulisho kinatosha." Kinatosha kwenda Uganda na Rwanda, tangu mwaka 2014. Tanzania haimo katika mpango huo, na Unguja ni Tanzania. Unahitaji pasipoti, na usiniletee siku tatu kabla ya safari. Kama huna pasipoti na huna muda, nenda Lamu. Ni Kenya, ni kisiwa, mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na kitambulisho kitakufikisha. Ila ndege inatua Manda, kisiwa cha jirani, kisha unavuka kwa boti. Nasema mapema kwa sababu kuna waliokataa kushuka wakidhani wamepotezwa.

"Kadi yangu ya homa ya manjano imeisha muda." Haijaisha. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Tatizo ni kwa wasiochanjwa kabisa. Tanzania inawadai kadi wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo. Kadi huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Aliyechomwa Jumatano akitaka kuruka Jumamosi, kadi yake bado haijawa kadi.

"Aprili ni rahisi, tutakwenda Aprili." Ni rahisi kwa sababu ni masika. Mvua ya pwani mwezi huo inanyesha kwa siku kadhaa mfululizo, na hoteli nyingi ndogo hufunga Aprili na Mei. Nawaelewa wazazi, likizo ya shule ni likizo ya shule. Lakini kama unaweza kungoja, ngoja. Agosti nayo ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini: mvua ni chache na hewa ni tamu, ila upepo unapiga upande wa mashariki, majani ya bahari yanajaa ufuoni, na boti ya kutoka Dar es Salaam inarushwa. Anayetapika garini kati ya Kisumu na Kericho asiikate tiketi hiyo. Bahari tulivu na yenye joto ni ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, nayo bei yake mnaijua.

"Sisi wa ziwani tumezoea malaria." Kinga ya mtu mzima aliyekulia Kisumu ni nusu kinga, inapungua akihamia mjini mbali, na mtoto wake aliyezaliwa Nairobi hana. Watu wa Nakuru mjini hawana kabisa. Unguja malaria imepungua sana, lakini pwani yetu ya Kenya bado ipo. Lala ndani ya neti.

"Ngozi nyeusi haiungui." Inaungua. Polepole, lakini baada ya saa tatu ndani ya maji mafupi juu ya mchanga mweupe, mwanga unakupiga kutoka juu na kutoka chini. Paka mafuta ya kukinga jua mabegani na nyuma ya shingo. Watoto wavae fulana hata majini.

"Kisiwa lazima kiwe baharini." Hapana. Takawiri kuna mchanga na minazi, na unafika kwa boti kutoka Mbita. Mfangano una michoro ya kale kwenye miamba ambayo wengi wa Homa Bay kwenyewe hawajaiona. Maji hayakupwi, ndiyo. Lakini ziwani kuna kichocho, na mahali pengine viboko na mamba, mambo ambayo ufuo wa Nungwi hauna. Uliza wenyeji wanaogea wapi kabla hujavua shati.

Mwisho ni mizigo. Ndege ndogo za kwenda visiwani mara nyingi zinakubali kilo 15 tu, nazo zinataka mkoba laini, si sanduku gumu. Mfuko wa plastiki usibebe, umepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na Zanzibar walitutangulia. Ukipima ukakuta umezidi, toa nguo za jioni, huko watu wanakula kwa kanga na ndala. Zile raba kuukuu ziache ndani.