Mlinzi wa mfalme vitani: dhana potofu na ukweli

Katika hadithi za falme za kubuni, vita vikianza mlinzi wa mfalme huachiwa njia mbili tu: afe mlangoni pa bwana wake, au amgeuke. Hadithi hizi nimezipenda tangu utotoni, ndiyo maana huniuma kuona mhusika mzito kama huyu akifanywa mwepesi. Walinzi waliopata kuishi kweli walibeba mzigo mkubwa kuliko huo.

Dhana: Mlinzi humwapia mtu mmoja, kwa hiyo anajua daima asimame wapi.

Mfalme ni mtu, lakini pia ni kiti, ni ukoo, ni nchi, na ni mkono unaotoa mshahara. Wakati wa amani hayo yote hukaa pamoja, na askari hana haja ya kujiuliza kiapo chake ni cha lipi kati yao. Vita huja kuyatenganisha.

Tazama Unguja. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, iliyotakiwa na mkataba; wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Sasa kumbuka kwamba jeshi la Zanzibar lilianzishwa enzi za Sultani Barghash, baba yake Khalid, likafunzwa na Mwingereza, Lloyd Mathews. Askari wale wafanye nini? Mtoto wa aliyeliasisi jeshi yumo kasrini. Mwalimu wao yuko nje, upande wa manowari za Waingereza. Wakagawanyika. Inakadiriwa 900 walisimama na Waingereza, na 700 hivi wakaungana na watu wa kasri. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ya manowari ilipiga kwa dakika zipatazo 40, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Khalid mwenyewe akakimbilia kwa konseli wa Ujerumani.

Wa ndani wangeweza kusema wamemlinda mwana wa Barghash. Wa nje wangeweza kusema wametii mkataba na makamanda wao. Mwandishi anayemtafuta msaliti hapa atampoteza msomaji wake. Anayewaweka askari wawili wa kikosi kimoja, mmoja kila upande wa ukuta, ana riwaya nzima mkononi.

Dhana: Mlinzi wa kigeni hupigania pesa tu.

Mshahara aliutaka, naam. Ila wafalme waliwachukua wageni kwa sababu nyingine: mgeni hana mjomba barazani wala shamba la kugombea. Basil wa Pili, kaizari wa Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, alipokea wapiganaji 6,000 kutoka kwa Vladimir wa Kyiv karibu mwaka 988, na kutoka kwao kikazaliwa kikosi cha Wavarangi, walinzi wa kigeni wa makaizari wa Bizanti. Masultani wa Zanzibar nao waliwatumia Wabulushi, askari wenye asili ya Baluchistani.

Kisa kinachonishika zaidi ni cha Roma, mwaka 41 BK. Kaizari Caligula aliuawa na Cassius Chaerea, ofisa wa walinzi wake, Mroma mwenzake. Walioingiwa na wazimu wa hasira ni walinzi wa Kijerumani: walikimbia huku na huko wakiua waliowashuku, hata wasiokuwamo katika njama. Wakati huohuo walinzi wengine wa Kiroma walimkuta Claudius, ami wa Caligula, amejificha, wakambeba hadi kambini kwao na kumfanya kaizari. Naye akawaahidi sesterti 15,000, sarafu za Kiroma, kila mmoja. Kasri moja, siku moja: wengine wameua, wengine wanalipiza, wengine wanachagua mrithi. Wote walikuwa walinzi wa mtu yuleyule.

Dhana: Anayeasi amenunuliwa na adui.

Wakati mwingine anayemvuta ni ndugu yake. Desemba 1960, Haile Selassie wa Ethiopia akiwa ziarani Brazili, Mengistu Neway, kamanda wa walinzi wa kaizari, aliasi pamoja na mdogo wake Germame, msomi aliyechukizwa na unyonge wa raia. Jeshi likawashinda ndani ya siku chache.

Dhana: Mlinzi akifa kazini, mfalme yupo nyuma yake.

Tarehe 10 Agosti 1792, umati wenye silaha ulipofika kasri la Tuileries jijini Paris, Louis wa Kumi na Sita alikuwa ameshaondoka na familia yake kujisalimisha kwenye Bunge. Walinzi wake wa Kiswisi waliachwa wakilinda jengo. Mapigano yakaanza. Kisha ikaletwa karatasi ya mfalme: wekeni silaha chini, rudini kambini. Waliotii wengi wao walichinjwa. Kwa jumla walikufa wapatao 600.

Riwaya ninayoingoja ni ya ofisa aliyeipokea karatasi ile: mwandiko anaujua, risasi bado zinalia uani, na juu ya ngazi anazozilinda kuna vyumba vitupu.