Akiimba Kimisri si lazima awe Mmisri

Wengi wetu tuliozoea nyimbo za Kiarabu redioni na kwenye kanda za arusini huamini kwamba mwimbaji maarufu anayeimba kwa lahaja ya Misri ni mzaliwa wa huko. Si dhana ya ajabu. Kuanzia miaka ya 1930 Cairo ndiyo ilikuwa kitovu cha filamu za muziki, redio ya taifa ilianza 1934, na lahaja yake ikawa inaeleweka kutoka Morocco hadi Iraq.

Kwa sababu hiyohiyo waimbaji wa Lebanon, Syria, Algeria, Tunisia na Morocco walifunga safari kwenda Cairo, wakajifunza kuimba kama wenyeji. Siku hizi msanii mmoja huweza kutoa wimbo wa Kimisri leo na wa Kighuba (lahaja ya nchi za Kiarabu za Ghuba) kesho, kwa kufuata soko.

Ili kuitambua lahaja ya wimbo, tega sikio kwenye neno "sasa". Mmisri husema *dilwa'ti*, Mlebanoni *halla'*, mtu wa Ghuba *alhin*, Mmorocco *daba*. Au sikiliza herufi jimu ("j" ya Kiarabu): "mzuri" Cairo ni *gamil*, kwingi ni *jamil*. (Masikio ya Mswahili, yaliyozoea "jamala", hulinasa hilo upesi.)

Ila hapo umeijua lahaja ya wimbo tu. Kwao mwimbaji ni wapi utajua zaidi kwenye mahojiano yake ya zamani, kabla hajakaa sana ugenini, maana akizungumza bila kujitayarisha lahaja ya nyumbani humponyoka. Linganisha mahojiano mawili matatu. Walioishi Cairo miaka mingi huongea Kimisri hata wakiwa hawaimbi.